Nyakati na majina yake Kilimanjaro

Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mambo ya kale husimuliwa zaidi kwa kutaja watawala na matukio kuliko kutaja miaka. Mzee akisema kihamba fulani, yaani shamba la ukoo, kiligawanywa wakati wa Mjerumani, au nyumba ya bati ilijengwa kahawa ilipokuwa na bei, wasikilizaji hujua ni lini. Mgawanyo huo wa nyakati umejengeka hatua kwa hatua kwa zaidi ya karne moja.

Kabla ya ukoloni, nyakati zilitambuliwa kwa mangi, yaani chifu, aliyetawala na kwa rika. Mlima ulikuwa na tawala nyingi, hivyo haukuwa na enzi moja ya wote: wakati Rindi, aliyefariki mwaka 1891, akitawala Moshi, Kibosho ilikuwa chini ya Sina. Mjerumani ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuweka mlima mzima chini ya jina moja. Utawala wake uliimarishwa kwa mabavu, na tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli, mwana wa Rindi, alinyongwa pamoja na wenzake. Mwaka 1911 reli kutoka Tanga ilifika tambarare chini ya mlima. Mji uliokua penye stesheni ulichukua jina la Moshi, na makao ya Rindi na Meli huko juu yakabaki kuitwa Old Moshi. Mahali palepale pa zamani pakawa na jina lenye umri ndani yake.

Waingereza waliingia mwaka 1916, na wakati wa Mwingereza ukaenda pamoja na wakati wa kahawa. Wakulima waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 nafasi yake ikachukuliwa na chama cha ushirika cha KNCU. Fedha za kahawa zililipa karo na kununua mabati, ndiyo maana zao hilo limekuwa kipimo cha nyakati sawa na mtawala. Mwaka 1952 Thomas Marealle alisimikwa kuwa Mangi Mkuu wa Wachagga wote, wenyeji wa mlima, cheo ambacho hakikudumu hata miaka kumi.

Uhuru wa Tanganyika wa Desemba 1961 ulikuwa mpaka mwingine. Ofisa wa jeshi Alexander Nyirenda aliwasha mwenge kileleni, na kilele kilichokuwa na jina la Kaisari Wilhelm kikaitwa Uhuru. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa kisheria. Azimio la Arusha la 1967 lilifungua kipindi cha ujamaa, na mwaka 1976 vyama vya ushirika vilivunjwa, KNCU ikiwemo, kabla ya kurudishwa katika miaka ya 1980.

Wakati uliopo sasa huelezwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya kiserikali, nayo huhesabu awamu za marais: ya kwanza ni ya Nyerere, na ya sita ilianza Machi 2021 kwa Rais Samia Suluhu Hassan. Ya pili ni "siku hizi", ambayo haina tarehe ya kuanzia. Kwa mkulima mzee inaweza kuanzia miaka ya 1990, soko la kahawa lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Kwa kijana, inaanzia kwenye simu ya mkononi. Kila kizazi huweka mpaka wake pale maisha yake yalipobadilika.