Maumivu ya mazoezi kwa watu wa makamo

MTU wa makamo anayeanza kukimbia kila alfajiri, tuseme kutoka Kiembeni hadi ufuo wa Jomo Kenyatta, hupata pumzi kabla kano zake hazijapata nguvu. Kano, zinazounganisha msuli na mfupa, hupitiwa na damu kidogo, nazo huzoea mzigo kwa miezi, si kwa siku. Ndiyo sababu kisigino huanza kuuma pale anapojiona ameiva.

Mchanga mwororo, unaosifiwa kupita kiasi, huivuta zaidi kano ya kisigino. Heri ule ulioshikamana maji yakipwa. Apumzike siku kadhaa kwa wiki, na angalau siku 2 aimarishe misuli, kama Shirika la Afya Duniani lilivyopendekeza mwaka 2020: kujiinua kwa vidole na kujishusha polepole chatosha kuanzia. Maumivu yakizidi kesho yake asubuhi, apunguze mwendo. Akisikia mlio wa ghafla nyuma ya kifundo, aende hospitali siku hiyo hiyo.