Kufuli na ugandishaji katika mifumo ya faili yenye shajara

Kufuli na ugandishaji ni taratibu mbili ambazo kerneli ya mfumo endeshi hutumia kusimamia uandishi kwenye diski. Kufuli huzuia michakato miwili kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ugandishaji husimamisha kwa muda uandishi wa mfumo wa faili mzima, kwa kawaida ili nakala yake ichukuliwe ikiwa timamu. Makala hii inahusu zaidi Linux.

Shajara

Kurefusha faili moja hugusa sehemu kadhaa za diski: inodi (rekodi ya taarifa za faili), ramani ya bloku zilizo wazi, pengine na saraka. Umeme ukikatika katikati, sehemu moja huwa imebadilika na nyingine bado. Kwa hiyo mabadiliko huandikwa kwanza kwenye shajara na kufungwa kama muamala mmoja, ndipo yapelekwe mahali pake. Kompyuta ikiwaka tena, muamala uliofungwa hurudiwa na usiofungwa hutupwa. Katika ext4, mmoja wa mifumo ya faili ya Linux, muamala hufungwa kila sekunde 5 isipopangwa vinginevyo. Kwa kawaida shajara hiyo haihifadhi maandishi yenyewe ya faili, hivyo mtumiaji aweza kupoteza aya ya mwisho ilhali mfumo wa faili ni mzima.

Historia

Linux haikutangulia katika kutumia shajara. IBM ilitoa JFS mwaka 1990, NTFS ya Microsoft ikafuata 1993, na XFS ya Silicon Graphics 1994. ReiserFS, pamoja na ext3 iliyo kazi ya Stephen Tweedie, ziliingia kwenye kerneli ya Linux mwaka 2001. Ext4 ilitangazwa kuwa imara mwishoni mwa 2008. Ugandishaji, uliozoeleka kwanza katika XFS, ulifunguliwa kwa mifumo mingine katika toleo 2.6.29 la mwaka 2009.

Kufuli

Kila inodi ina kufuli yake. Shajara nayo ina hatua: muamala unaoendelea hufungiwa mlango, wanaoanza kazi mpya husubiri, waliokwisha kuingia humaliza, kisha yote huandikwa. Hatari kubwa ni mkwamo, pale A anapomsubiri B huku B akimsubiri A. Dawa yake ni mpangilio mmoja wa kuchukua kufuli, unaofuatwa na wote. Tangu 2006 kerneli ina lockdep, zana ya ukaguzi ya Ingo Molnar, inayofichua ukiukaji wa mpangilio huo hata kabla mkwamo haujatokea.

Ugandishaji

Amri fsfreeze -f hugandisha na fsfreeze -u huyeyusha. Tangu marekebisho ya Jan Kara katika toleo 3.6 (2012), kazi hufanyika kwa ngazi tatu. Kwanza huzuiwa uandishi wa kawaida wa programu. Pili, uandishi unaopitia kurasa za kumbukumbu, na data iliyobaki humwagwa diskini. Tatu, shughuli za ndani za mfumo wa faili wenyewe. Hapo ext4 huzuia mabadiliko mapya, humaliza shajara na kuondoa alama ya kuhitaji urejeshaji. Kusoma huendelea; anayeandika hulala mpaka mfumo uyeyushwe. Kinga ya ugandishaji, yaani kibali anachochukua mwandishi ili mfumo usigandishwe kabla hajamaliza, sharti ichukuliwe kabla ya kufuli ya inodi, la sivyo mkwamo hurudi. Msimamizi mzembe anayegandisha diski yenye mfumo endeshi aweza kukuta hata amri ya kuyeyusha haipiti. LVM, kisimamizi cha diski za kimantiki cha Linux, hugandisha na kuyeyusha yenyewe inapochukua nakala.

Masasi na Newala

Hatari ya umeme kukatika katikati ya uandishi inajulikana Masasi na Newala, wilaya za mkoa wa Mtwara kusini mwa Tanzania. Kwa miaka mingi mikoa ya Mtwara na Lindi ilikuwa nje ya gridi ya taifa, ikitegemea mitambo inayotumia gesi ya Mnazi Bay, na kukatika kwa umeme kulizoeleka. Huko huko korosho, zilizo chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani tangu msimu wa 2007/08 na kusimamiwa na vyama vya ushirika vya MAMCU upande wa Masasi na TANECU upande wa Newala, sasa zinauzwa kwa minada ya kielektroniki ya soko la bidhaa la TMX. Anayefuatilia minada hiyo kwa simu naye anategemea mfumo wa faili: simu nyingi za Android hutumia ext4 au F2FS.