Ati Ni Mchezo wa Watoto? Historia Fupi ya Throto Iliyo Mezani Kwangu

Wiki jana nilimaliza uwanja mzima wa Wilson nikiwa na Cessna 172 na bado magurudumu hayajagusa lami. Tulia, hakuna mtu aliumia. Nilikuwa kwa chumba changu, mbele ya kompyuta, na throto ya mtumba niliyokuwa nimenunua siku hiyo hiyo. Throto ni ile leva ya kuongeza na kupunguza nguvu ya injini. Nilikuwa nimeirudisha nyuma hadi mwisho, lakini kompyuta ilikuwa inasoma asilimia 8. Mkono unasema sifuri, mashine inasema twende. Sasa ndege itatua vipi?

Mamangu alikuwa amesimama mlangoni. "Kwani uliacha chuo ndio ukuje kucheza gemu?" Sikumjibu. Wacha nijibu hapa.

Turudi Marekani, 1929. Kuna jamaa anaitwa Edwin Link, wa Binghamton, New York. Familia yake ilikuwa na kiwanda cha piano na vinanda. Alipenda ndege, lakini masomo ya urubani yalikuwa bei mbaya. Akachukua pampu na mivukuto ya kusukuma hewa kwenye vinanda, akaunda kisanduku chenye mabawa mafupi kinachoinama na kugeuka vile unasongesha usukani. Shule za urubani hazikushtuka. Walionunua mwanzoni ni watu wa viwanja vya burudani, ukalipa kidogo ukapanda kama bembea. Mchezo wa watoto, si ndio?

Halafu 1934 ikafika. Serikali ya Marekani ikapatia jeshi kazi ya kubeba barua kwa ndege. Ilikuwa baridi, usiku, ukungu kila mahali, na marubani wengi hawakuwa wamezoea kuruka kwa kusoma vipimo pekee. Zaidi ya watu 10 walikufa ndani ya miezi michache. Hapo ndipo jeshi likakumbuka kile kisanduku. Mwaka huo likanunua 6. Kufikia mwisho wa Vita vya Pili vya Dunia, zaidi ya 10,000 vilikuwa vimeundwa, na inakadiriwa karibu wanajeshi nusu milioni walipitia ndani yake.

Simuleta ya nyumbani ilikuja baadaye. Bruce Artwick alitengeneza ya Apple II mwaka wa 1979, na 1982 Microsoft wakatoa yao ya kompyuta za IBM. Shida yangu ya Wilson ilizaliwa miaka hiyo hiyo.

Kompyuta ya IBM ya 1981 ilikuwa na kadi ya kuunganisha joistiki, na ilitengenezwa kwa njia rahisi sana. Ndani ya joistiki kuna kitu kama kile kitasa cha sauti kwenye redio ya kitambo. Ukikizungusha, umeme unapita kwa urahisi au kwa shida. Kompyuta haikupima umeme wenyewe. Ilihesabu tu muda ambao kapasita inachukua kujaa. Mashine yenye kasi ingehesabu namba kubwa, ile ya polepole namba ndogo, kwa joistiki moja! Na throto haikuwa hata na nafasi yake. Kwa kawaida ilitumia waya za joistiki ya mchezaji wa pili. Alikuwa mpangaji tu.

Ndio maana ikabidi kalibresheni, yaani kuionyesha kompyuta sifuri ni wapi na mia ni wapi. USB ilipokuja, kifaa kikaanza kujipimia chenyewe, lakini kazi haikuisha. Unajua vile redio nzee hukwaruza ukiongeza sauti? Throto nayo huzeeka hivyo, namba zinaanza kurukaruka. Zile za bei hutumia sumaku, hakuna kitu kinasuguana, lakini hata hizo lazima uzionyeshe mwisho wa leva ni wapi.

Yangu ilinichukua dakika tano. Nilisongesha leva mwisho hadi mwisho mara kadhaa, nikahifadhi, kisha nikaacha nafasi ndogo hapo chini ambapo mtikisiko wowote unahesabiwa kuwa sifuri. Nikarudi Wilson, nikatua.

Msimamo wangu ni huu. Kisanduku cha Link kilisaidia kwa sababu rubani aliweza kuzoesha mkono wake kabla ya ukungu wa kweli. Lakini mkono hauchagui. Ukiufundisha ukweli, unashika ukweli. Ukiufundisha asilimia 8, unashika asilimia 8, na siku utakaa kwa ndege ya kweli utaenda nayo hivyo hivyo. Simuleta peke yake haikupi leseni, hata mimi najua. Lakini throto ambayo haijapimwa haikufundishi kitu. Hiyo sasa ndiyo mchezo wa watoto.

Kama unayo nyumbani, leo kabla uruke, irudishe nyuma kabisa uangalie namba. Kama si sifuri, usilaumu ndege.

Na Mum, ukisoma hii, karibu chumbani. Nitakuonyesha vile tunatua.