Moto uliozaliwa jalalani: Historia ya jiko la peleti

Kwa miongo mingi ya karne ya 20, mgeni aliyeingia usiku katika mji wa wapasua mbao kaskazini-magharibi mwa Marekani alipokewa na moto. Kando ya kiwanda lilisimama tanuri la chuma lenye umbo la paa la msonge, refu kuliko nyumba zote za jirani, limefunikwa wavu kileleni. Ndani yake maranda, magome na vipande vya mbao viliteketea usiku kucha. Cheche ziliruka, majivu yakatua juu ya nguo zilizoanikwa, na hakuna mtu aliyeota moto ule. Kazi yake ilikuwa kuondoa taka. Mtaa wa pili, katika nyumba za vibarua wa kiwanda hichohicho, watu walinunua makaa ya mawe na mafuta ili wasigande kwa baridi.

Historia ya jiko la peleti inaanza na watu waliotazama moto ule wakaona hasara.

Mfugaji wa kuku au sungura anaifahamu peleti kwa sura: punje ya mviringo, ngumu, inayotoka kwenye mfuko wa chakula cha mifugo. Peleti ya kuni ni pacha wake. Unene wake kwa kawaida ni milimita 6, urefu wake sentimita mbili au tatu, na ndani yake hamna kingine ila vumbi la mbao lililokaushwa na kushindiliwa. Leo punje hizo zinapasha joto mamilioni ya nyumba Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Safari iliyozifikisha huko ina funzo linalotuhusu sote tunaopika na kuota moto wa miti.

Gogo la Lewiston

Katika miaka ya 1930, mjini Lewiston, jimbo la Idaho, mhandisi Robert Bowling alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya mbao ya Potlatch. Kiwanda kilizalisha milima ya maranda. Bowling aliunda mashine iliyoyashindilia kwa nguvu kubwa mno hata yakatoka yakiwa gogo gumu la mviringo, bila tone la gundi. Magogo hayo yaliuzwa kwa jina la Pres-to-logs na watu wakayapenda, kwa kuwa yalikuwa makavu, safi na yenye joto kuliko kuni za kawaida.

Gundi iko ndani ya mti wenyewe. Mbao ina kitu kiitwacho lignini, ambacho ndicho kinachoupa mti ugumu wa kusimama. Lignini ikipata joto na mkandamizo hulainika, na ikipoa hukaza na kushika kila chembe iliyo karibu nayo.

Aliyekulia jirani na karakana ya seremala hapa kwetu Afrika Mashariki anaijua hatua ya kwanza ya elimu hiyo, kwani ameliona jiko la maranda. Debe hutobolewa chini ubavuni. Chupa husimamishwa katikati, kisha maranda hutiwa kuizunguka na kushindiliwa kwa ngumi, tabaka juu ya tabaka, mpaka debe lijae. Chupa huchomolewa polepole kwa kuizungusha, likabaki tundu lililonyooka toka juu hadi chini. Moto ukiingizwa kwa lile tobo la chini, maharage yanaiva bila kuongeza hata kijiti. Lakini mkono ukiwa mlegevu, ukuta wa maranda huporomoka, moto huzama na jiko likatoa moshi wa kuliza machozi. Kushindilia ndiyo siri yote. Mashine ya Bowling ilishindilia kwa nguvu ambayo ngumi haina, nguvu ya kuiamsha lignini.

Hata hivyo, gogo lilibaki gogo. Lilihitaji mkono wa kulitia motoni, na likishawaka halikujua kupunguza wala kuongeza.

Mafuta yalipopanda

Oktoba 1973, wakati wa vita vya Mashariki ya Kati, nchi za Kiarabu zinazouza mafuta ziliiwekea Marekani vikwazo. Ndani ya miezi michache bei ya pipa ilipanda karibu mara nne. Familia zilizokuwa zimezoea kuzungusha kitasa ukutani na kupata joto zikaanza kuhesabu kila lita. Watu walirudi kwenye kuni, na wavumbuzi wakarudi kwenye maranda.

Mmoja wao alikuwa Rudolf Gunnerman, ambaye mwaka 1976 alianzisha utengenezaji wa peleti zilizoitwa Woodex huko Brownsville, jimbo la Oregon. Mashine ilikuwa ya ukoo mmoja na ile ya chakula cha mifugo: magurudumu mazito yanasukuma vumbi lipite kwenye matundu ya bamba nene la chuma, na kisu upande wa pili kinakata kinachotokeza. Msuguano wenyewe huleta joto la kulainisha lignini. Wateja wa mwanzo walikuwa wenye matanuri makubwa, kama viwanda.

Peleti ilikuwa na sifa moja ambayo gogo halikuwa nayo: hutiririka kama mahindi. Na kinachotiririka kinaweza kupimwa. Jambo hilo lilimvutia Jerry Whitfield, mhandisi wa kampuni ya ndege ya Boeing katika jimbo la Washington. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliunda jiko la sebuleni linalojilisha lenyewe, na ndilo lililoifikisha peleti majumbani.

Jiko la aina hiyo ukilikaribia, unasikia kabla ya kuona. Mwenye nyumba anafungua kifuniko cha juu na kumimina mfuko mzima, kilo 18 kwa vipimo vya Marekani, na punje zinalia kama mvua ya mawe juu ya bati. Chini ya sanduku hilo kuna skrubu ndefu. Inazunguka kidogo, inatulia, inazunguka tena, na kila mara peleti chache zinadondoka ndani ya bakuli la chuma linaloenea kiganjani. Kijiti cha umeme kinawasha. Feni moja inapuliza hewa ndani ya moto, nyingine inasukuma joto chumbani. Moto ni mdogo lakini mkali, na unameza punje kadiri zinavyokuja. Haba na haba, mfuko mmoja unaweza kuikimu nyumba mchana kutwa na usiku kucha. Asubuhi majivu yanayobaki ni ya kuzolewa kwa kijiko.

Kwa kuwa kila punje ina ukavu uleule na hewa inapimwa, moshi ni mchache. Hilo nalo likawa neema. Wimbi la kurudi kwenye kuni lilikuwa limeleta balaa katika miji ya mabondeni kama Missoula, jimbo la Montana, ambako wakati wa majira ya baridi hewa yenye joto zaidi hukaa juu ya hewa baridi ya bondeni kama kifuniko cha sufuria na kuuzuia moshi usipande. Mwaka 1988 serikali ya Marekani ilianza kuweka viwango vya moshi kwa majiko mapya ya kuni, na jiko la peleti likapata nafasi yake.

Kasoro yake kubwa ilikuwa wazi tangu mwanzo. Skrubu na feni zinataka umeme. Januari 1998 dhoruba ya barafu iliangusha nyaya za umeme Quebec na kaskazini-mashariki mwa Marekani, na mamilioni ya watu wakakaa gizani. Katika usiku kama huo, jiko la kale la chuma lisilo na waya lilimshinda mjukuu wake.

Ulaya yaipokea

Sweden ilijenga kiwanda chake cha kwanza cha peleti mjini Mora mwaka 1982, lakini hakikudumu. Kilichobadili mambo ni kodi. Mwaka 1991 Sweden ilianza kutoza kodi ya kaboni, na mafuta ya kupashia nyumba yakawa ghali. Kuni, ambazo zilisamehewa kodi hiyo, zikawa na mvuto mpya. Wenye nyumba wengi walibadilisha kichomeo tu na kuliacha tangi lao la maji ya moto palepale.

Austria na Ujerumani zilikwenda mbali zaidi. Huko lori huja kama lori la mafuta, likaunganisha mpira mnene na kuzipuliza peleti hadi chumba cha akiba chini ya nyumba. Italia ilipenda jiko lenye kioo sebuleni, na sasa hutumia zaidi ya tani milioni 3 kwa mwaka. Viwango navyo vilikaza: peleti ya daraja la juu haipaswi kuzidi asilimia 10 ya unyevu wala asilimia 0.7 ya majivu. Kilo mbili zake hutoa joto la karibu lita moja ya mafuta.

Maarifa mengine yalipatikana kwa msiba. Novemba 2006, katika bandari ya Helsingborg, Sweden, meli iliyosafirisha peleti kutoka Kanada ilifunguliwa ipakuliwe. Shehena ilikuwa imejaza hewa ya kaboni monoksidi kwenye ngazi za jirani, na baharia mmoja akafa. Peleti zilikuwa hazijawashwa. Zikirundikwa mahali pasipopitisha hewa, zinaitoa sumu hiyo zenyewe taratibu. Ni hewa ileile isiyo na rangi wala harufu inayoua watu wa nyanda zetu za baridi wanapolala na jiko la mkaa chumbani.

Taka ilipopata bei

Hadi hapo hesabu ilikuwa njema. Kiwanda kilipasua magogo ili kupata mbao, na peleti ikala makombo. Lakini kitu kikishapata bei, hakiitwi tena taka.

Ireland ya Kaskazini ilijifunza kwa gharama. Novemba 2012 ilianzisha ruzuku kwa biashara zitakazopata joto kutokana na kuni na vyanzo vingine vya aina hiyo, bila kuweka ukomo, na malipo yakazidi bei ya peleti zenyewe. Kadiri mtu alivyochoma zaidi ndivyo alivyolipwa zaidi. Mpango ulifungwa mwaka 2016. Januari 2017 Naibu Waziri Kiongozi, Martin McGuinness, alijiuzulu kwa sababu ya kashfa hiyo, serikali ikavunjika, na bunge likakaa miaka mitatu bila kufanya kazi yake.

Mlaji mkubwa zaidi alikuwa Uingereza. Kituo cha umeme cha Drax, Yorkshire, kilichokuwa kikichoma makaa ya mawe, kilihamishia mitambo minne kwenye peleti kati ya 2013 na 2018. Mamilioni ya tani kila mwaka hayawezi kupatikana kwa kufagia sakafu za viwanda vya mbao. Viwanda vikubwa vikajengwa katika majimbo ya kusini mwa Marekani, na pamoja na maranda vikaanza kupokea magogo mazima. Mti unaoungua kwa dakika chache huchukua miongo kadhaa kukua tena. Kuviita vitu hivi viwili kwa jina moja, makombo ya seremala na msitu uliokatwa ili uchomwe, ni kumdanganya mwananchi anayelipa bili akiamini anaokoa dunia.

Mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku mbao za Urusi na Belarus. Bei ya peleti Ujerumani ilipanda zaidi ya mara mbili. Familia zilizoyakimbia mafuta ya nchi za nje ziligundua kuwa kuni nazo zilikuwa zimevuka mipaka.

Afrika Mashariki nayo imeigusa historia hii. Mjini Gisenyi, Rwanda, kampuni ya Inyenyeri iliyoanzishwa mwaka 2010 iliwapa wapishi majiko yenye feni ndogo na kuwauzia peleti badala ya mkaa. Haikudumu, lakini ilionyesha kwamba jiko la punje linaweza kuivisha chakula cha familia karibu bila moshi.

Wanaozijua peleti hutia punje moja katika glasi ya maji. Kwa dakika chache inavimba, inapasuka, na ugumu wote unaisha. Chini ya glasi linabaki vumbi la mbao, lilelile la Lewiston, lilelile la debe na chupa. Kila mnunuzi angefaa kuliuliza vumbi hilo swali moja kabla ya kuwasha jiko: msumeno uliokutoa ulikuwa ukipasua mbao ya nani, au ulikuwa umekufuata wewe?