Jua Limepatwa na Nini?

Ijumaa, 15 Januari 2010, kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi, jua lililokuwa juu ya Homa Bay na Migori nchini Kenya liligeuka pete. Njia ya kivuli ilianzia katikati ya Afrika, ikapita Uganda na Ziwa Victoria, ikakata kusini mwa Nyanza, kisha ikaelekea Nairobi na Bahari Hindi. Huko baharini pete ilidumu dakika 11 na sekunde 8 mahali ilipokaa kwa muda mrefu zaidi, na hakuna pete nyingine itakayoishinda hadi mwaka 3043. Bara ilidumu muda mfupi kuliko huo, lakini mwenye kinga ya macho mkononi alikuwa na nafasi ya kutazama, kumwita jirani, na kutazama tena.

Tukio la namna hii kwa Kiswahili huitwa kupatwa kwa jua, na istilahi hiyo ina maadui wake. Wanasema imebeba hofu ya kale. Mtu hupata kazi, hupata mtoto, hupata cheti. Lakini hupatwa na homa, hupatwa na msiba. Basi jua likisemwa limepatwa, msikilizaji husikia mkosi kabla hajasikia habari yoyote ya mwezi.

Lawama hiyo inasahau kazi ya kauli ya kutendwa. Anayeambiwa kwamba jua limepatwa ana haki ya kuuliza: limepatwa na nini? Jibu ni somo zima: jua limepatwa na mwezi. Na usiku ule ambao mwezi ndio unaofifia, mwezi umepatwa na kivuli cha dunia. Wagiriki, ambao neno lao ekleipsis limerithiwa na lugha nyingi za Ulaya, walilitoa katika kitenzi chenye maana ya kuacha au kukosekana. Neno hilo linataja mwanga uliopotea, halisemi ni nani aliyeuziba. Kiarabu kina maneno mawili, kusufu kwa jua na khusufu kwa mwezi, nayo yanajulikana vizuri pwani kwa sababu ya swala zinazoswaliwa nyakati hizo. Kiswahili kimetosheka na kitenzi kimoja, na kazi ya kutofautisha kikaliachia neno “na”.

Ukitaka watu wanaofuatilia mwezi bila kuambiwa na mwalimu, nenda Mbita, Sindo, Sori au Muhuru, kando ya Ziwa Victoria. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Zamani karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Samaki hao wadogo huufuata mwanga, na taa hushinda pale tu ambapo anga ni kiza. Mbalamwezi ikitanda ziwani, omena hutawanyika, na wavuvi wengi hupumzika au hushona nyavu. Kwa hiyo hesabu ya kiza na mwezi mpevu ni hesabu ya unga nyumbani.

Hesabu hiyohiyo ndiyo nusu ya elimu ya kupatwa. Jua haliwezi kupatwa ila siku za kiza, mwezi ukiwa upande wa jua na haujaandama. Mwezi nao haupatwi ila ukiwa mpevu, dunia ikiwa katikati. Mvuvi wa omena anaweza kukisia kwamba jua litapatwa wakati wa mavuno yake, na mwezi utapatwa wakati wa mapumziko yake. Nusu iliyobaki ni swali la kwa nini haitokei kila mwezi, na jibu lake ni kwamba njia ya mwezi imeinama kwa nyuzi kama 5 kutoka njia ya dunia, hivyo mara nyingi kivuli hupita juu au chini ya shabaha.

Pete ya 2010 nayo ina sababu yake. Mwezi huzunguka kwa umbali wa wastani wa kilomita 384,400, lakini njia yake si duara kamili. Januari ile ulikuwa mbali na dunia, huku dunia ikiwa imekaribia jua kama ilivyo kila mwanzo wa mwaka. Mwezi ukaonekana mdogo na jua kubwa. Ukalifunika kwa zaidi ya asilimia 80 na kuacha ukingo unaowaka. Tanzania ilipopata pete yake tarehe 1 Septemba 2016, watu wakamiminika Rujewa mkoani Mbeya, na vyombo vya habari vikayazoesha masikio maneno “kupatwa kwa jua kipete”. Kipete ni istilahi nzuri: fupi, inaonekana, haihitaji tanbihi.

Ngumu zaidi ni istilahi ya tukio la 3 Novemba 2013. Lilianza kama pete Atlantiki, kisha mwezi ukalifunika jua lote hadi Pakwach nchini Uganda na eneo la Turkana, ambako dhoruba ya vumbi iliwanyima watazamaji wengi utamu wa safari yao. Homa Bay na Migori waliona jua likimegwa jioni, si zaidi. Aina hii iitweje? Mkulima wa Migori ana maneno mawili karibu: mahuluti, kama mbegu ya mahindi, na mseto, kama shamba la mahindi na maharagwe. Mahuluti huchanganya wazazi wawili katika punje moja. Lakini hapa hakuna aliyeona pete na ufunikaji kamili kwa pamoja. Kila eneo lilipata lake, kama mahindi na maharagwe yanavyobaki mahindi na maharagwe katika shamba moja. Kupatwa mseto, basi.

“Mwezi wa damu” ingefaa kuachiwa watunga vichwa vya habari. Tarehe 27 Julai 2018, kuanzia saa nne na nusu usiku hadi saa sita na dakika 13, mwezi mzima ulikuwa ndani ya kiini cha kivuli cha dunia, muda mrefu kuliko mara nyingine yoyote katika karne hii. Rangi yake ilikuwa ya shaba, kwa kuwa hewa ya dunia hupinda mwanga mwekundu na kuupeleka kivulini. Sayari ya Mirihi iliwaka kando yake. Hapo macho matupu yalitosha.

Kwa jua ni sharti kinga: miwani maalumu, au kioo cha mchomeleaji vyuma cha namba 14, kwani vile vya namba ndogo havitoshi. Asiye navyo ageuke alipe jua kisogo na atazame ardhi chini ya mwembe. Kila mwanya kati ya majani huchora umbo la jua kama lilivyo wakati huo, hata likiwa pete.

Shuleni mengi ya haya hufundishwa kwa Kiingereza, nyumbani, kwa Dholuo, jua ni chieng’ na mwezi ni dwe. Kiswahili husikika zaidi redioni, siku yenyewe inapowadia. Tarehe 2 Agosti 2027 kivuli kitapita Luxor nchini Misri na kuacha giza la zaidi ya dakika 6. Kenya itapata kupatwa kwa sehemu tu, siku ya Jumatatu, na usiku wake utakuwa wa kiza.