Alama Chini ya Jina: Kanga kama Tangazo la Duka Mombasa

Wanaisimu na wanafasihi wameichunguza kanga kwa kina kama chombo cha mawasiliano ya wanawake. Jambo ambalo halijapewa uzito wa kutosha ni kwamba maneno hayo yalichapwa kwa fedha za mfanyabiashara, naye alikuwa na haja yake.

Duka la familia ya Kaderdina Hajee Essak, linalohesabu mwanzo wake mwaka 1887, ni mfano ulio wazi. Leso zake (ndivyo Wamombasa waitavyo kanga) zilijulikana kwa alama ndogo: K.H.E. – Mali ya Abdulla. Kitambaa kingepelekwa kiwandani vyovyote vile, ng'ambo kwa miaka mingi, hivyo herufi chache zaidi zilikuwa gharama haba. Tangazo la gazetini lisingemfikia mnunuzi kwa wepesi huo. Hata hati ilimfuata mnunuzi: majina ya awali yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo watu wa pwani walijifunza chuoni, kabla ya herufi za Kirumi kushika nafasi.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, alama haikuwa tangazo kuu. Tangazo kuu lilikuwa jina lenyewe. Mwanamke mwenye kanga kumi sandukuni bado hana ile iliyotoka juzi, na dukani huiulizia kwa jina lake. Kisha kanga huuzwa kwa doti. Doti ikikatwa, kipande kimoja huenda kwa dada au shoga, kikiwa na mji, pindo, jina na alama kamili, na duka limeingia nyumba ya pili bila kulipa senti.

Aliyelipa ni mvaaji. Lakini hakuwa mbao ya matangazo tu: alinunua neno alilolihitaji, pengine asiloweza kulitamka mbele ya mke mwenza au jirani, na jina lisilomgusa lilibaki rafuni. Kumwona mfanyabiashara peke yake ni kumdhulumu mwanamke huyu. Kumwona mwanamke peke yake ni kuficha hesabu ya duka.

Mikusanyo mingi ya misemo ya kanga hunakili majina na kuiacha alama. Kwa mwanahistoria hasara hiyo ni kubwa, maana bila alama hatuwezi kusema jina lilitoka duka gani, wala ni duka gani lililoiga jina la mwenzake.