Kujiangusha na mchezo wa nguvu: mtihani wa mwamuzi katika soka ya Ulaya

KATIKA soka ya Ulaya yapo makosa mawili yanayozua ubishi mkubwa miongoni mwa mashabiki: kujiangusha ili kumhadaa mwamuzi, na kumkabili mpinzani kwa nguvu zilizopita kiasi. Makosa hayo huonekana kuwa kinyume cha kila moja, lakini huhukumiwa kwa sheria ile ile, iwe mechi inachezwa Milan au Engaresero, wilayani Ngorongoro.

Sheria hiyo ni ya 12, inayohusu makosa na utovu wa nidhamu. Kwa mujibu wake, mchezaji anayemkabili mwenzake bila uangalifu huadhibiwa kwa mpira wa adhabu tu. Asiyejali hatari anayomletea mpinzani huonyeshwa kadi ya njano. Anayetumia nguvu kupita kiasi, na kuhatarisha usalama wa mwenzake, hutolewa nje kwa kadi nyekundu. Anayejiangusha au kujifanya ameumia ili kumdanganya mwamuzi hupewa kadi ya njano.

Makosa haya mawili yamekuwa yakifuatana katika historia. Katika Kombe la Dunia la mwaka 1998 nchini Ufaransa, waamuzi walitakiwa kuwatoa nje wachezaji wanaowakwatua wenzao kutoka nyuma kwa namna ya hatari. Mwaka uliofuata, 1999, sheria ikataja bayana kuwa kujiangusha ni kosa la kadi ya njano. Mantiki yake ni rahisi: kadiri rafu inavyoadhibiwa vikali, ndivyo kuanguka kunavyokuwa na faida kwa anayeanguka.

Kila nchi nayo ina mapokeo yake. Uingereza kwa miaka mingi ilimsifu beki anayekwatua kwa nguvu na kumdharau anayejiangusha, na mara nyingi lawama zilielekezwa kwa wageni. Mjerumani Jürgen Klinsmann alipojiunga na Tottenham Hotspur mwaka 1994 alikuwa na sifa hiyo mbaya. Alipofunga bao katika mechi yake ya kwanza ya ligi, dhidi ya Sheffield Wednesday, alishangilia kwa kujirusha kifudifudi kwenye nyasi, akiwakejeli waliomkejeli. Mashabiki walicheka, na wengi wakampenda.

Ndugu wawili kutoka Kenya wameyaonja makosa haya kutoka pande mbili tofauti.

Kaka, McDonald Mariga, alikuwa katika kikosi cha Inter Milan kilichocheza na Barcelona nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, Aprili 28, 2010. Katika dakika ya 28, mkono wa Thiago Motta wa Inter ulimgusa usoni Sergio Busquets. Busquets alianguka akiwa ameshika uso, na Motta akatolewa kwa kadi nyekundu. Picha za televisheni zilimwonyesha Busquets akichungulia katikati ya vidole vyake kuona kinachoendelea. Inter, wakiwa kumi, walifungwa bao 1-0 lakini wakafuzu kwa jumla ya mabao 3-2. Mariga aliingia dakika za mwisho kuchukua nafasi ya Samuel Eto'o. Inter walitwaa kombe Mei 22, lakini Motta, aliyekuwa akitumikia adhabu, hakucheza fainali hiyo.

Mdogo wake, Victor Wanyama, alijenga jina kwa mchezo wa nguvu. Mwaka 2013 alihama kutoka Celtic ya Scotland kwenda Southampton na kuwa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Ukabaji ule ule uliompatia sifa ulimgharimu mwanzoni mwa mwaka 2016: Januari alitolewa nje dhidi ya Norwich City, na Februari akatolewa tena kwa kumkwatua Dimitri Payet wa West Ham United. Nguvu ni mtaji wa kiungo mkabaji, lakini akichelewa kidogo tu huigeuka kuwa kadi.

Mchezaji mmoja aliwahi kusimama pande zote mbili. Februari 23, 2008, mshambuliaji wa Arsenal, Eduardo da Silva, alivunjika mguu baada ya kukabiliwa na Martin Taylor wa Birmingham City, na Taylor akatolewa nje. Agosti 2009, Eduardo huyo huyo alianguka mbele ya kipa wa Celtic, Artur Boruc, akapata penalti na kuifunga mwenyewe. Shirikisho la soka la Ulaya, UEFA, lilimfungia mechi mbili kwa kumhadaa mwamuzi. Alikata rufaa, na adhabu ikafutwa Septemba mwaka huo, kwa kuwa haikuthibitika kwamba mwamuzi alihadaiwa.

Kesi hiyo inaonyesha ugumu wa jambo lenyewe. Jeraha huonekana kwa macho; nia haionekani. Mchezaji anaweza kuanguka kwa sababu ameguswa, au kwa sababu anaukwepa mguu unaoweza kumvunja.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na kamera zimeifupisha zaidi. Mwaka 2017, Oumar Niasse wa Everton alikuwa mchezaji wa kwanza wa Ligi Kuu ya Uingereza kufungiwa, mechi mbili, chini ya utaratibu mpya wa kuwaadhibu waliofanikiwa kumdanganya mwamuzi. Mwaka 2018 waamuzi wasaidizi wa video, VAR, walitumika kwenye Kombe la Dunia nchini Urusi, na Ligi Kuu ya Uingereza iliwapokea msimu wa 2019/20. Kwa msaada wao, penalti ya hila inaweza kufutwa na rafu iliyofichika kupata kadi nyekundu.

Hata hivyo, viwanja vingi duniani havina kamera hizo. Mechi inapochezwa chini ya mlima Ol Doinyo Lengai, mwamuzi ana macho yake, filimbi na kadi mbili tu. Kijana anayeanguka bila kuguswa hapo huenda asigundulike kamwe. Na beki anayeingia kwa miguu miwili anaweza kumvunja mwenzake mahali palipo mbali na hospitali kubwa. Hapo heshima ya mchezo hubaki mikononi mwa wachezaji wenyewe.